Sauti ya Kumfikia Mama

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na paka amezaa tena ndani ya kapu la vitambaa.

Ule ushauri wako, kwamba ndoto ipimwe na kukatwa vipande kama nguo, nimeufuata. Siwezi kuwa msomaji wa habari redioni kwa kuota tu. Nilianza kumsomea mama gazeti huku cherehani ikinguruma, ili nizoee kupaza sauti. Wiki ijayo nitasoma matangazo mbele ya shule nzima.

Juzi mteja alirudisha suruali. "Mama Fundi, mfuko huu mbona hauna mlango? Au mke wangu ndiye aliyekutuma?" Mama alikuwa ameushona ukazibika kabisa. Tulicheka sote. Mteja alipoondoka, mama akasema, "Macho yananitupa mkono, mwanangu. Muhula ukiisha utaacha shule, unishikie cherehani." Niliinama nikaokota vipande vya kitambaa sakafuni. Tangu hapo nikikaa situlii, nikisoma sielewi.

Hospitali ya macho haiko mbali, lakini hajaenda. Nilianza barua hii nikuombe wewe umwambie aende kwanza, asiniondoe shule, maana wewe anakusikiliza. Lakini kama nashindwa kusema na mama mmoja, nitasemaje na nchi nzima?

Cherehani imenyamaza sasa hivi. Naenda kumwambia kabla hajaanza kushona tena.

Mdogo wako