Shati la Pili

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Tarehe 21 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kijiti,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na huyo mtoto ninayemjua kwa picha tu. Mnaendeleaje? Mgongo umepona, au bado unatengeneza lifti za watu huku umeshika kiuno kama babu? Sisi tu wazima. Mguu wangu unanisumbua kwa kukanyaga cherehani, lakini huo ni uzee unabisha hodi, nami sijaufungulia.

Shemeji yako anakusalimu. Bado ni fundi umeme, na bado taa ya jikoni kwake haiwaki. Nimesema hadi nimechoka.

Sasa nije kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Kwenye simu ungesema mtandao mbovu, ungekata. Barua huwezi kuikata.

Mwezi jana binti yangu alitimiza miaka sita. Unaijua desturi ya nyumba hii: wenzetu wanakata keki, sisi tunakata kitambaa. Mama alisema mtoto wa fundi haongezi mwaka ndani ya nguo ya mwaka jana, nami tangu nirithi cherehani yake nimeshika hapohapo. Basi Jumamosi mchana nikampima binti, nikachora kwa chaki, nikakata gauni la njano lenye vifungo mbele. Nilikuwa naimba, sina hili wala lile. Kuja kuinua kichwa, mezani kuna magauni mawili. Nimekata mawili, mdogo wangu, na la pili nimeliongeza inchi mbili kiunoni.

Binti akaniuliza, "Mama, hilo jingine la nani?"

Nikakaa chini sakafuni. Zile inchi mbili nilizijua. Ni za Kibonge.

Tafadhali usiikunje barua hapa. Najua jina hilo hatulitaji. Pacha wako alifariki kwa homa siku nne kabla hamjatimiza miaka sita, na mashati yenu yote mawili yalikuwa yameshashonwa, yamebaki matundu ya vifungo tu. Lako Mama alilitoboa. La Kibonge akalikunja hivyohivyo, akaliweka kwenye sanduku la chuma. Tukadhani yamekwisha. Mwaka uliofuata akakupima, akaandika, kisha akakwambia, "Simama wima, bado mwenzio." Akakupima mara ya pili, akaongeza inchi mbili kwa sababu mwenzio ana tumbo. Alisema "ana". Kila mwaka alisema "ana".

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, kazi yangu kushika pini. Nilikuona ukibana pumzi kwenye kipimo cha pili, nikanyamaza. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa akitoka nje kuvuta sigara. Shangazi alisema ni uchungu wa mzazi, utapita. Haukupita, ukawa desturi, na wewe ukakulia ndani yake.

Ulipotimiza ishirini na nne uligoma. "Mama, mimi si sanamu la dukani." Mama alilikunja shati la Kibonge polepole kama anayemlaza mtoto. Kesho yake ukapanda basi. Tangu hapo kila ikifika tarehe yenu ya kuzaliwa simu yako inazimwa, na hata kwenye msiba wa Mama hukuja. Nilikulaumu, sitakudanganya. Nilikusema mbele ya waombolezaji mpaka Shangazi akanifinya. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wa kimya chako uliniangukia mimi.

Baada ya gauni lile la njano nililifungua sanduku, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Mama. Mashati yamepangwa kwa miaka. La chini kabisa ni la mtoto, halafu mikono inarefuka, mabega yanatanuka, kola inakuwa ya mwanaume. Kijiti, nilimwona Kibonge akikua mle ndani. Mtoto tuliyemzika wa miaka mitano ana mabega ya mtu wa miaka thelathini na nne. Nilitaka kufunga mfuniko nikimbie, mikono ikakataa.

Kisha nikaona jambo lingine. Kuanzia mwaka uliofuata baada ya wewe kuondoka, kila mwaka kuna mashati mawili, moja pana na moja jembamba. Mama hakuacha kukushonea! Miaka kumi, kwa kukisia tu. Nilifurahi, nikalichukua lako moja nikaligeuza. Vifungo vipo, matundu hakuna. Nikachukua jingine, na jingine. Yote kumi hayana matundu, sawa na ya Kibonge.

Nililia, wee acha tu. Nikasema Mama amemzika aliye hai. Halafu nikakumbuka alichonifundisha kwenye meza hiihii: tundu hutobolewa mwisho, mwenyewe akishajaribu nguo, maana ukikosea halirudi nyuma. Sasa sijui. Alikuwa anakuzika, au alikuwa anakungoja? Na Kibonge je, naye alikuwa anamngoja? Swali hilo linakaa nami kila nikiketi kwenye kiti chake.

Ila moja nalijua. Binti yangu hatapimwa mara mbili. Vile vipande vya pili nimevishona mto, anaulalia paka. Na tumeanzisha jambo letu jipya: mwenye siku yake anatoboa tundu la kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Binti alitoboa lake, limepinda kama mdomo wa mtu aliyenuna, na hataki niliguse. Shemeji yako naye kwenye siku yake akajikata kidole, fundi mzima! Tulicheka, Kijiti, ndani ya chumba hiki hiki.

Tarehe 17 mwezi ujao unatimiza thelathini na tano. Mashati ya Kibonge sitayagusa bila wewe. Wewe ndiye uliyesimama kwa ajili yake, wewe ndiye utakayesema yaende wapi. Tutayatoa juani, tutamtaja jina kwa sauti, sote. Na yako kumi yapo, wembe nimeuweka droo ya kulia. Kitambaa chako cha mwaka huu ni cha buluu, kiko mezani, sijakikata.

Shangazi anakusalimu sana, anasema masikio yake bado yanasikia ila watu ndio hawasemi. Binti anamsalimu mjomba wake. Wabusu wako kwa niaba yangu. Mungu akulinde kwenye hizo lifti, akulegeze na moyo.

Dada yako akupendaye, hata akikugombeza,

Dada Mkubwa

Nimekumbuka: usinitumie vipimo kwa simu, sitavipokea. Njoo usimame hapa mwenyewe. Nitakupima mara moja tu.