Saba ya Kizamani

Balta, mzee wetu tumemzika na soksi. Viatu vimegoma kuingia.

Unakumbuka alivyokuwaga anasema: "Nilizaliwa pekupeku, msinizike pekupeku." Nilimwahidi, Balta. Mimi mwenyewe.

Vile viatu vyake vya ngozi vya mwaka 1979, vya kwendea kanisani, soli zilishaoza. Alipofariki Jumanne nikasema nitafute vya namna ile ile. Namba imefutika. Nikachomeka kijiti ndani, nikapima mara tatu nisikosee, nikaenda nacho Bunda kwa fundi viatu wa Kabasa. Akasema, "Hii ni saba ya kizamani. Siku hizi ni arobaini na moja." Nikanunua mtumbani pale pale, vyeusi, vya kamba.

Leo asubuhi tunamvisha, kisigino kinabaki nje. Nikasukuma. Nikasukuma tena, Balta! Dada Nyangi akafoka, "Acha! Unamvunja baba!"

Mama akasema taratibu, "Mguu wake ni mkubwa kuliko hivyo. Mwaka ule dukani ilibaki pea moja tu, akainunua. Alikuwaga anakunja vidole."

Anakunja vidole! Miaka arobaini na zaidi, kila Jumapili, kwenda na kurudi, na hakusema.

Fundi hakukosea. Kijiti hakikukosea.

Nimekaa naye wodini Musoma siku kumi na moja, miguu yake iko mbele ya macho yangu. Kiatu nimekipima mara tatu. Mguu wa baba sikuupima hata mara moja.