Duka Dogo la Mwanao

Mdogo wangu wa damu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limeanza kukuonea huruma. Shemeji hajambo? Na watoto? Mimi nipo, nasukuma siku. Mpangaji wa chumba cha uani amehama, kwa hiyo siku hizi nagombana na bomba linalovuja, nalo halijui kujibu.

Sasa kaa chini nikuringie. Mwanao, huyu niliyemzaa mimi, katengeneza mchezo wa kompyuta! Kautengeneza mwenyewe, kuanzia picha hadi mlio wa viatu. Ndani yake mchukuzi mzee anapandisha kabati kwenye ngazi za ghorofa, na kabati hilo lina kiburi kumshinda marehemu shangazi. Fundi cherehani wa hapa jirani aliniuliza kama hiyo nayo ni kazi. Nikamwambia wa kwake kamaliza shule na mpaka leo hajatengeneza hata kigoda. Akarudia kushona.

Mchezo anauuza mtandaoni, kwenye duka dogo. Alinieleza kwa simu, mbiombio kama kawaida yake, kwamba katika kila mia duka hilo linakata kumi tu, tisini zake. Tatizo hapapiti mtu. Lipo duka kubwa, limejaa watu kama siku ya mnada, ila lenyewe hukata thelathini. Rafiki yake mchoraji humwambia ahamie huko, maana tisini ya hewa ni hewa vilevile. Kushika yote mawili hawezi, yuko peke yake, na kila duka lina wateja wa kujibu na makosa ya kurekebisha.

Naye alisitasita kwa sababu ya mteja mmoja tu. Anajiita Mpitanjia. Alinunua siku ya kwanza kabisa, hucheza kila siku, na huandika. Mwanao alisema mtu kama huyo ni sawa na umati, na kwamba huko kukubwa hatapata nafasi ya kuzungumza na mtu namna hiyo.

Mdogo wangu, hapa usimsomee mtu. Mpitanjia ni mimi.

Siku mchezo ulipotoka nilimwendea binti anayetengeneza simu, nikamwomba aninunulie kwa jina lisilo langu. Nilitaka kumfungulia mwanangu biashara bila yeye kujua, kwani hela ya mama haina utamu wa hela ya mteja. Jioni ile ile akamwandikia Mpitanjia kumshukuru, maneno marefu kuliko yote aliyonipa mimi tangu aondoke hapa. Nikajibu. Akajibu tena. Ikawa hivyo.

Mama yake huambiwa kala, kalala, kazini kuzuri. Mpitanjia huambiwa ukweli. Kamwambia ile kazi ya ofisini niliyokutambia aliiacha zamani. Kamwambia kodi ya chumba inamtisha, na kwamba hajui amwambieje mama yake, maana mama kampandisha juu mno kwa sifa, haoni ngazi ya kushukia.

Nililia, nikanawa uso, nikacheza. Nimeshafika ghorofa ya saba, kwa taarifa yako.

Wiki iliyopita akamwuliza Mpitanjia abaki au ahame. Nilishika simu mpaka chai ikapoa. Nilijua nikisema abaki, atabaki, nami nitakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Nikaandika: nenda walipo watu, mwanangu. Nikafuta mwanangu. Nikapeleka yaliyobaki.

Kahama. Wanunuzi wanamiminika, na hata baada ya kukatwa thelathini, kodi inalipika. Si nilikwambia huyu mtoto ana akili? Nilimfuata huko huko kumpongeza. Jibu likaja kwa wote kwa pamoja: asanteni nyote.

Jana kampigia simu mama yake. Kasema kazini kuzuri. Nikamwambia amsalimie bosi wake.

Basi, shemeji mpe salamu zangu, watoto wabusu, na goti likandwe kwa maji ya moto. Ukinijibu, dada yako nakuomba, andika marefu.

Ni mimi dada yako,
mama wa fundi wa michezo