Aliyesoma Siye Aliyesahihisha

Chuo cha Ualimu,
Arua.
Juni 1976

Kwako dada yangu Hajara,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta salama wewe na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo umechafuka. Nimempa Mama Alphonsine, yule Mkongo muuza vitenge anayekuja kwa lori, akufikishie Koboko leo hii. Isome ukiwa peke yako.

Unaijua desturi ya chuo chetu, maana uliwahi kuicheka ukasema walimu tunajificha kama wezi wa kuku. Mwanachuo huandika namba kwenye karatasi ya mtihani, si jina. Kisha siku ya matokeo namba hulinganishwa na majina, na alama husomwa mbele ya wote na mwalimu ambaye hakusahihisha, ili kinyongo kikose pa kushika. Mimi naipenda desturi hiyo. Alama inayojua ukoo wa mtu si alama, ni zawadi.

Ijumaa mwalimu Jada alisoma alama za Hesabu. Tahiru, shemeji yako mdogo, alikuwa ameanguka. Hakugomba, alitoka, nikamhurumia.

Jumatatu gari la jeshi liliingia mpaka mlangoni mwa darasa. Dada, nisamehe kwa ninayokuandikia: aliyeshuka ni mumeo Lukumani, na askari wawili. Walimburuta Jada kutoka ubaoni, wakampiga kwa kitako cha bunduki mpaka meno yakamwagika sakafuni, wanachuo wakitazama. Jada alijaribu kueleza kwamba yeye alisoma tu, hakusahihisha. Lukumani alicheka. Alisema, “Mutu nasoma, yeye ndio naangusha.” Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya dawati, wakavivunja vidole kimoja kimoja. Mlio ule bado ninao masikioni.

Baadaye Lukumani akamwuliza, kama si wewe, basi ni nani? Jada hakutaja jina. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, chaki mkononi. Mumeo aliponiona aliniambia kwa upole, “Shemeji, toka hapa, nguo yako itachafuka.” Nikatoka. Jada wakamtupa garini, na mpaka sasa yuko kambini.

Hajara, aliyesahihisha ni mimi.

Sikujua kuwa karatasi ile ni ya Tahiru. Ningejua, labda kalamu ingetetemeka. Ndiyo maana tunaandika namba. Jada alijua fika ni mimi, na alikubali kumeza damu yake kuliko kutamka jina langu. Sasa nimechoka kuogopa. Kesho baada ya sala ya alfajiri nitakwenda kambini nimwambie Lukumani mwenyewe, amwachie Jada. Lori lililoleta barua hii linarudi Arua jioni. Ukiweza, lipande, uje usimame kati yangu na mume wako. Ukishindwa sitakulaumu, una watoto.

Mwambie mumeo neno moja tu: Tahiru amepata ishirini na nane kwa mia, na akinivunja vidole vyote, zitabaki ishirini na nane.

Wabusu watoto kwa ajili yangu, na umsalimie mama mkwe. Msalimie na Tahiru pia. Arudie kugawanya sehemu; hapo ndipo alipopotea.

Ni mimi mdogo wako,
Kulusum