Nilivyowajibia Wapangaji Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia uwanja. Nimekunywa uji. Bhoke wa chumba cha nne ameleta kidonge cha presha kama kila siku, amesimama mpaka nimemeza. Mimi nilitahiriwa bila kupepesa jicho, ukoo mzima ukishuhudia. Leo nasimamiwa na msichana kwa ajili ya kidonge.

Vyumba vyote sita vina watu. Foleni ya malori ni ndefu, madereva wanangoja karatasi za forodha siku mbili, siku tatu. Wanachoka kukaa ndani ya gari. Wanakuja kwa wapangaji wangu. Kazi yao ni hiyo. Sirari nzima inajua, sina haja ya kuzunguka.

Wamekuja wageni wa chuo. Walipita kwa mtendaji kwanza, hiyo ni adabu. Mkubwa wao ni mwanamke, Daktari Upendo. Daktari asiyechoma sindano. Anatafiti maisha ya wanawake wanaouza miili hapa mpakani, afya yao na usalama wao. Mtendaji akamwambia aje kwa Mzee Mwita. Amesema kweli. Nani mwingine anajua?

Jumanne, 4 Machi

Wasichana wamekataa kuongea. Wote sita. Bhoke ndiye msemaji. Kasema mwaka juzi walikuja wengine, wakauliza unalala na wangapi, wakawapiga picha migongo, wakaondoka na hawajaonekana tena. Safari hii wana masharti. Maswali wayaone kwanza. Wawili wao wawe kwenye kuuliza. Majibu yakishapangwa wasomewe wao kabla ya mtu yeyote.

Ameishia kidato cha pili. Anapanga masharti kama wakili.

Daktari akasema ni maneno mazuri ila yeye peke yake hawezi, mpaka aandikie wakubwa wake. Nikamwambia usihangaike, mama. Mnadani ng'ombe haulizwi bei, anaulizwa mwenye ng'ombe. Akaandika. Nilifurahi kuona maneno yangu yakiandikwa.

Kwetu mwenye mji ndiye mdomo wa mji. Neno likija, linafika kwake. Anajibu kwa niaba ya wake, watoto, hata mgeni aliyelala siku moja. Baba yangu alifanya hivyo. Nikakaa kwenye kiti, nikajibu. Saa mbili nzima. Halikunishinda hata swali moja.

Waliuliza kama wasichana wanapigwa. Nikasema kwa Mwita? Nani athubutu! Waliuliza wakiumizwa wanakwenda wapi. Nikasema hawaumizwi.

Nimejibu vizuri sana.

Ijumaa, 7 Machi

Kidonge hakikuja. Nimekitafuta mwenyewe.

Bhoke amepita na ndoo. Shikamoo Tata. Basi. Siku zote ananiita Tata, baba, na husimama kuniuliza magoti yameamkaje. Leo hakusimama.

Kanuna. Atanunua.

Jumapili, 9 Machi

Bado. Robi wa chumba cha pili naye hanisalimii. Nimekula ugali wa jana. Sijali.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nimeharibikiwa.

Nilikuwa kwenye kibanda cha chai. Nyamhanga akaja, tulitahiriwa mwaka mmoja, sasa ni mjumbe wa kamati ya kata. Kasema kamati ilikuwa inapanga muuguzi aje mara mbili kwa wiki karibu na maegesho ya malori. Na askari wa dawati la jinsia awe na siku yake ya kusikiliza wanawake. Daktari aliwapa alichopata mpaka sasa. Aliwaambia kabisa kwamba wanawake wenyewe hawajaongea. Hawakusikiliza hapo. Walisikiliza pa kwangu. Mwenye nyumba, mzee wa heshima, amesema hakuna anayeumizwa. Basi muuguzi apelekwe kwingine.

Akanipiga bega. "Mura, mwanaume wewe, umetupunguzia kazi!"

Watu wakacheka. Mwingine akasema huyu angekuwa mbunge.

Sikumaliza chai.

Jumapili, 16 Machi

Naandika hili kwa kuwa hakuna anayesoma daftari hili.

Ilikuwa mwezi wa pili. Saa saba mchana, jua kali. Bhoke alikuwa chumbani na dereva. Mimi nilikuwa barazani, hatua kama kumi. Nikasikia kitanda kikigonga ukuta, siyo kwa namna ya siku zote. Nikasikia sahani ikivunjika. Nikamsikia akiita, Tata! Mara mbili.

Niliwasha redio. Nikaongeza sauti.

Dereva akatoka, akapita mbele yangu, akanisalimia. Nikaitika.

Bhoke akatoka baadaye. Mkono umezungushiwa khanga, khanga imeloa damu. Akasema amejikata na bati. Bati halikati hivyo, kilikuwa kisu. Nikasema pole, angalieni mabati. Alijua kuwa nilisikia. Nilijua kuwa anajua.

Mimi niliyefuata ng'ombe wa baba walioibwa, siku tatu porini, na mishale. Niliporudi wanawake walinipigia vigelegele. Nilimwogopa dereva mmoja aliyevaa kandambili.

Hapana, siyo dereva. Nisijidanganye kwenye daftari langu. Niliogopa maneno. Kwa Mwita wanawake wanakatwa visu na mwenyewe amekaa, hawezi kuinuka. Hilo ndilo nililoogopa.

Jumanne, 18 Machi

Bhoke anafunga mizigo. Anarudi Nyambureti kwa mama yake, kule Serengeti. Ana mtoto huko, Mwikwabe, miaka saba. Mimi nilimwambia Daktari kwamba wapangaji wangu hawana watoto. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilitaka jibu liwe fupi.

Nikamwambia, kwa sababu ya kisu? Nitaweka kitasa kipya.

"Visu nimevizoea, Tata," kasema. "Ninahama kwa sababu ya mdomo wako."

Nikamwambia nenda. Barabara haijafungwa.

Halafu sikuweza kula.

Jumatano, 19 Machi

Nimepanda bodaboda mpaka Tarime mjini. Umri huu. Kijana anakimbia kama ameiba. Nimemkuta Daktari kwenye gesti aliyofikia, anakula chapati.

Nikamwambia futa majibu yangu yote.

Akasema hafuti. Kilichosemwa kimesemwa. Ila mtu anaweza kuulizwa upya, na jibu jipya likawekwa pamoja na la zamani, ikaelezwa kuwa la kwanza halikuwa kweli. Akasema pia wakubwa wake wamejibu. Wamekubali masharti ya wasichana. Wawili watafundishwa kuuliza na watahesabiwa watafiti kama yeye. Alikuwa anakuja kesho kuwaambia.

Nikasema kesho Bhoke hayupo.

Akaniangalia. "Basi mzee, si uwahi?"

Niliporudi Bhoke alikuwa ameshakunja godoro. Nikamwambia nimekwenda Tarime. Kwa boda. Nimemwambia Daktari kuwa nilidanganya.

"Kwa boda? Na hayo magoti?"

Akacheka kidogo tu, akiwa ameinama. Kasema atakaa mpaka kazi ya maswali iishe. Baada ya hapo ataona.

Nimekwenda nyuma ya choo. Nimelia. Dakika moja, siyo zaidi.

Alhamisi, 27 Machi

Siku ya tatu wamekaa barazani na Daktari, wanapanga maswali. Barazani kwangu. Mimi nimefukuzwa! Robi kasema nenda kwenye chai, mzee, hapa ni ofisi.

Nimepita mara nne nikijifanya nafuata kuku. Wamelitupa lile la kulala na wangapi. Robi alisema hilo halijawahi kumponya mtu. Wameweka jingine: ukiita, nani anakuja? Bhoke ndiye aliyelitoa. Daktari akaliandika kwa herufi kubwa.

Wanabishana sana. Wanacheka sana pia. Bhoke akisoma wenzake wananyamaza. Ningekuwa na binti kama huyo ningemsomesha mpaka mwisho.

Jumanne, 1 Aprili

Leo wameuliza wenye nyumba. Nimevaa koti.

Daktari alimwuliza Bhoke mbele yangu kama anataka Robi ndiye aniulize. Bhoke kasema hapana, huyu ni wangu. Akavaa kitambulisho shingoni. Akanisomea karatasi: naweza kukataa, naweza kuruka swali, jina langu halitaandikwa. Nikasema mimi nataka liandikwe.

"Haliandikwi, Tata. Ndiyo sheria."

Kisha akauliza. Mwaka huu nimewahi kusikia mpangaji akiita msaada?

Nikasema ndiyo.

Mara ngapi.

Mara mbili, siku moja.

Nilifanya nini.

Nilitazama kuku. Nilitazama barabara. Daktari alikuwa nyuma, hakusaidia. Bhoke alingoja. Hakunisukuma. Afadhali angenisukuma.

Nikasema niliwasha redio.

Akaandika. Mkono anaoandikia ndio ule uliokatwa. Kovu linaanza kwenye kifundo linapanda karibu na kiwiko. Sikuwahi kulitazama mpaka leo.

Kwa nini niliwasha redio.

Niliogopa kuonekana sina nguvu.

Akanisomea. "Nimeandika: alisikia, akawasha redio, aliogopa kuonekana hana nguvu. Ni sawa hivyo?"

Ni sawa.

"Una la kuongeza?"

Maisha yangu yote nina la kuongeza. Nikasema sina.

Akafunga daftari. Akanishika bega kwa huo mkono, akainuka kwenda kwa mwenye nyumba mwingine.

Jumatano, 9 Aprili

Kikao cha kata. Jana Daktari aliwasomea wasichana wote kwanza, kama walivyotaka. Leo wamekaa mbele. Bhoke na Robi kwenye meza, pamoja na Daktari. Mimi benchi la nyuma.

Bhoke alisoma. Wako wanawake wengi kuliko nilivyodhani, Sirari nzima, na wana watoto, na wengi wamewahi kuumizwa. Akafika pa mwenye nyumba mmoja aliyesikia akawasha redio. Hakutaja jina. Nyamhanga akageuka kunitazama. Kisha benchi zima likageuka. Sikuinamisha kichwa. Kisu cha ngariba kilikuwa chepesi kuliko hili.

Mwenyekiti kasema tusikie na wazee, Mzee Mwita, wewe ndiye mwenye mji, unasemaje?

Nikasimama. Nikasema mmesomewa. Mkitaka zaidi, wenyewe hao hapo, waulizeni.

Nikakaa. Hotuba yangu fupi kuliko zote.

Waliulizwa. Nusu saa. Robi alimjibu mjumbe mmoja mpaka akavua miwani. Muuguzi atakuja. Habari ya askari bado wanaivuta, Bhoke kasema hatawaacha.

Kidonge nimemeza mwenyewe, sijakumbushwa.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Bhoke amekwenda Nyambureti, shule zimefungwa, anataka kukaa na Mwikwabe siku chache. Sijamwuliza kama atarudi. Si kazi yangu kumjibia.

Mchana Robi amepiga kelele chumbani. Nimeinuka. Nimechukua fimbo, nimevuka uwanja kwenye tope bila viatu. Nimegonga mlango, nikasema ni mimi.

Alikuwa peke yake. Amesimama juu ya kitanda. Panya.

Amecheka mpaka akakaa. Tata, umekimbilia panya!

Panya amepita katikati ya miguu yangu akaenda zake. Nikamwambia aite tena akitaka. Nimekaa kwenye kizingiti chake mpaka pumzi imerudi, tunatazama mvua.