Hesabu ya Mjomba Haifiki Sifuri

Mwende dada yangu,

Huku Mutomo jua ni kali, hata mbuzi wamekataa kutoka kivulini. Ulinituma niangalie kama kichwa cha mjomba bado kiko sawa, ama tumlete akae kwako Malili. Basi jana nilimpa karata zake za mchezo wa ishirini na moja. Unakumbuka ile hesabu aliyotufundisha: mbili hadi sita unaongeza moja, kumi kwenda juu, pamoja na picha na ree, unatoa moja, za katikati unaziacha. Pakiti ikiisha, lazima ufike sifuri.

Alizifunua zote polepole, akafika moja. Akarudia. Moja tena. Moyo uliniuma.

"Mjomba, umesahau," nikamwambia.

"Sijasahau. Malkia wa kopa nilimweka ndani ya Biblia ya marehemu mke wangu, tukamzika nayo. Kanisani hawakujua mke wangu alikuwa ananishinda karata kila Jumapili jioni."

Nikahesabu mwenyewe. Malkia wamebaki watatu.

Tumwache akae kwake. Mungu awatunze wewe na watoto. Na ukija Krismasi, tafadhali usimletee pakiti mpya.

Kaka yako,
Musyoka