Ulipokwenda Kuangalia Mboga

Kondoa, 4 Mei 2025

Dada Restuta,

Shikamoo. Mafua yanaendeleaje? Mimi mzima, wanafunzi wasumbufu kama kawaida yao. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ungenikatisha.

Kwanza habari njema: Joel, mwalimu mwenzangu, anataka kuleta barua ya posa. Wewe ndiye uliyenilea baada ya mama kufariki, kwa hiyo mshenga wake atakuja kwako.

La pili. Jana tuliwaonyesha wanafunzi ile filamu yetu ya banda la video, ya msichana muuza maandazi na mtoto wa mwenye kiwanda. Miaka yote tulimlaani yule kijana kwa kumtelekeza mwenzake. Dada, kumbe alikwenda hadi nyumbani kwa yule msichana! Shangazi wa msichana akamwambia getini kwamba binti hayupo. Bandani mtafsiri alikuwa akipaharakisha pale ili afike kwenye ngumi.

Nikakumbuka mwaka 2017, mpenzi wangu Ernest aliponinyamazia, tuliirudia filamu hiyo nyumbani, CD ileile ya mtafsiri. Ilipofika pale getini wewe uliinuka, ukasema unakwenda kuangalia mboga. Siku ile tulikula ugali kwa chumvi. Niambie nimekosea.

Mdogo wako,
Priska

Nkuhungu, 18 Mei 2025

Mdogo wangu Priska,

Marahaba. Mafua yameisha, kifua bado kidogo. Hongera sana! Huyo Joel nampokea kwa mikono miwili, nimeshaulizia hata vikombe vizuri vya kuazima.

Mambo ya filamu achana nayo. Ernest alikuwa mtoto wa bosi, alikuchezea akachoka. Watu wale wana dharau, hata mshenga wao alikaa hapa kwangu dakika tano tu, chai hakuigusa.

Dada yako,
Restuta

Kondoa, 27 Mei 2025

Dada,

Shikamoo.

Mshenga wa Ernest sikumtaja mimi. Miaka minane umeniambia hakutuma mtu. Alikuja lini, na ulimwambia nini?

Mdogo wako,
Priska

Nkuhungu, 22 Juni 2025

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi usingizi sina.

Alikuja Jumamosi moja mwaka ule, wewe uko kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimrudishia barua bila kuifungua, nikasema umeshaposwa. Unakumbuka tulipokwenda kwao, mama yake alivyotupa sisi vikombe vya plastiki, wao wakanywea vya udongo? Sikutaka ukawe mtumishi kwenye nyumba ile.

Hiyo ni nusu. Nusu nyingine, nilikuwa na miaka thelathini na minne na hakuna aliyewahi kuniletea barua mimi. Ungeondoka, ningebaki na nani?

Nisamehe, Priska. Mshenga wa Joel nitampokea kwa magoti. Vikombe nimeshapata, vyenye maua.

Dada yako,
Restuta

Kondoa, 6 Julai 2025

Restuta,

Nimesoma.

Niliomba uhamisho wa kuja huku ili nisikutane na Ernest njiani. Nilijiona takataka. Wewe ulinikorogea uji, ukanifuta machozi, ukamtukana pamoja nami huku unajua. Hilo linaniuma kuliko barua yenyewe. Na yeye huko aliko anajua msaliti ni mimi.

Mshenga wa Joel alikwenda Kikuyu Jumamosi, kwa baba mdogo Abeli. Barua imefunguliwa na jibu limetoka.

Vikombe vya watu virudishe.

Priska